Kipokezi Bila Kufuli: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Elimu ya Uzazi

1. Utangulizi

Makala hii inahakiki neno moja na picha moja. Neno ni kipokezi, istilahi inayotumika katika maandishi ya sayansi ya Kiswahili kuitaja protini ambayo homoni hujishikiza kwayo ili iweze kufanya kazi mwilini. Picha ni ile ya kufuli na ufunguo, ambayo walimu na wahudumu wa afya huitumia mara kwa mara wanapotaka kulifafanua neno hilo. Vitu hivi viwili vimekuwa vikienda pamoja hata wengi wetu tunadhani ni kitu kimoja. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba neno ni zuri kuliko tunavyolisifu, na kwamba picha ni mbaya kuliko tunavyoishuku. Tena ubaya wake hauishii darasani.

Chanzo cha uhakiki huu si maktaba. Wakati wa likizo moja nilikuwa nyumbani Nundu, katika wilaya ya Fizi, mkoa wa Kivu Kusini, nikamsindikiza mama mdogo kwenye kituo kimoja cha afya cha upande wetu wa ziwa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye benchi wakisikiliza maelezo juu ya sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Mhudumu alieleza kwa bidii na kwa upole: mwilini mna makufuli madogo madogo, na dawa ni kama ufunguo unaoingia ndani yake. Mama mmoja mtu mzima akauliza, “Sasa muganga, ule ufunguo unabaki kwa nani?” Watu walicheka. Mhudumu naye alicheka, kisha akaendelea na jambo lingine. Swali halikujibiwa, na mimi mwenye lisansi ya isimu nilinyamaza, maana sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama swali lile lilikuwa la mzaha. Naamini halikuwa. Lilikuwa uhakiki, tena mkali kuliko huu unaofuata: mama yule aliichukua picha jinsi alivyopewa, akaifuata mpaka mwisho wake, akakuta kwamba mwisho wake unatisha.

Ili mjadala usielee hewani, tutashika mfano mmoja tu, yaani kipokezi cha projesteroni. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kipokezi hiki hukaa ndani ya seli, wala si juu ya utando wake, na jambo hilo peke yake linatosha kuitia mashakani picha ya kufuli la mlangoni. Pili, ndicho kipokezi ambacho dawa ya sindano ile hukitumia. Kosa la maelezo hapa si kosa la mtihani. Ni kosa linalofika nyumbani kwa watu.

2. Protini yenyewe

Kabla ya kuhukumu maneno, yafaa tukijue kitu kinachotajwa. Projesteroni ni homoni ya jamii ya steroidi. Kwa mamalia hutengenezwa hasa na uvimbe mdogo wa rangi ya manjano unaobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Kwa mwanamke mjamzito, baada ya majuma ya mwanzo, kondo la nyuma huishika kazi hiyo. Mwaka 1929 Wamarekani George Corner na Willard Allen walionyesha, kwa kutumia sungura, kwamba utomvu wa uvimbe huo huuandaa mji wa mimba na kuitunza mimba hata ovari zikiwa zimeondolewa. Homoni yenyewe ilitengwa katika hali safi mwaka 1934.

Lakini homoni inayopita katika damu hufika kwenye kila kiungo. Kwa nini mji wa mimba uitikie, na msuli wa mkono usiitikie kwa namna ile? Jibu la swali hili lilianza kupatikana kwa homoni nyingine ya jamii hiyohiyo, estrojeni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Elwood Jensen na Herbert Jacobson waliwadunga panya majike wachanga kiasi kidogo sana cha estrojeni iliyotiwa alama ya mnururisho ili iweze kufuatiliwa. Waliona kwamba mji wa mimba unaishika homoni hiyo na kukaa nayo, ilhali viungo vingine vinaiacha ipite. Waliona pia kwamba homoni iliyoshikwa haikugeuzwa kuwa kitu kingine: ilikuwa ileile iliyoingia. Ilikuwa lazima, basi, pawepo kitu ndani ya mji wa mimba chenye kazi ya kuishika. Kwa projesteroni, mwaka 1970 Milgrom, Atger na Baulieu wa Ufaransa walieleza juu ya kitu cha namna hiyo katika mji wa mimba wa pimbi wa maabara, na wakati uohuo Bert O’Malley na wenzake wa Marekani walikuwa wakichunguza jinsi homoni hiyo inavyoamsha utengenezaji wa protini katika njia ya mayai ya kuku.

Tunachojua leo ni kama ifuatavyo. Projesteroni huyeyuka katika mafuta, na kwa kuwa utando wa seli kwa sehemu kubwa umejengwa kwa mafuta, homoni hupenya na kuingia ndani. Humo hukikuta kipokezi, ambacho kwa kawaida huwa kimeshikiliwa na protini nyingine zinazokilea ili kisiharibike na kiwe tayari. Hapo zamani ilidhaniwa kwamba vipokezi vya steroidi hukaa nje ya kiini cha seli na kuhamia humo baada ya kuipata homoni. Tafiti za mwaka 1984 kuhusu kipokezi cha estrojeni zilibadili fikra hiyo, na kipokezi cha projesteroni nacho hupatikana zaidi ndani ya kiini, ingawa huweza kutoka na kurudi. Kikishaipata homoni, hubadilika umbo, huachana na walezi wake, hushikamana wawili wawili, kisha hujibandika mahali maalumu pa DNA. Hapo huziita protini nyingine, na kwa pamoja husababisha jeni fulani zisomwe na nyingine zinyamaze. Kwa hiyo homoni haifanyi kazi yenyewe. Kazi hufanywa na kipokezi kilichokwisha kuipata.

Kipokezi hiki kina maumbo mawili yatokanayo na jeni moja, jambo lililofafanuliwa mwaka 1990 na watafiti wa Strasbourg. Umbo refu, B, lina asidi za amino 933. Umbo fupi, A, limepungukiwa na 164 za mwanzo. Mwaka 1995 walipatikana maabarani panya wasio na kipokezi hiki kabisa. Majike yao hayakuweza kutoa mayai, miji yao ya mimba iliota na kuvimba kupita kiasi, na matiti hayakukomaa kama ipasavyo. Homoni ilikuwapo, ila hapakuwa na wa kuipokea.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo tutayahitaji mbele. La kwanza: idadi ya vipokezi vya projesteroni haidumu vilevile. Estrojeni ndiyo inayousukuma mji wa mimba utengeneze vipokezi vya projesteroni. Yaani homoni inayotangulia humwandalia wenyeji yule anayefuata. La pili: mwisho wa mimba. Kwa mbuzi, ambaye kila mtoto wa Nundu amewahi kumwona akizaa, projesteroni katika damu hushuka kabla ya kuzaa. Kwa mwanamke haishuki hivyo. Hubaki juu mpaka kondo litoke. Watafiti wengi huona kwamba kwa mwanamke kinachobadilika ni utendaji wa vipokezi vyenyewe katika misuli ya mji wa mimba, pamoja na uwiano baina ya umbo A na umbo B. Homoni ni ileile na kiasi ni kilekile, lakini mwitikio umekuwa mwingine.

3. Kufuli lilitoka wapi

Picha ya kufuli na ufunguo ilibuniwa na Mjerumani Emil Fischer mwaka 1894. Hakuwa akizungumzia homoni hata kidogo. Alizungumzia vimeng’enya, yaani protini zinazogeuza kemikali moja kuwa nyingine, naye alitaka kueleza kwa nini kimeng’enya fulani hukubali sukari hii na kuikataa ile. Istilahi ya kipokezi ililetwa na Mjerumani mwingine, Paul Ehrlich, mwaka 1900, na mwaka 1905 Mwingereza John Langley alizungumzia dutu pokezi katika misuli. Baadaye picha ya Fischer ilihamishwa ikawekwa juu ya istilahi ya Ehrlich, nayo imekaa hapo hadi leo.

Hatukatai kwamba picha hii ina faida. Inaeleza vizuri kwamba umbo la kitu huamua kitashikana na nini. Inamwezesha mwalimu kulieleza kwa dakika moja jambo ambalo vinginevyo lingehitaji saa nzima. Lakini kwa kipokezi kilichomo ndani ya seli ina kasoro nne.

Kwanza, kufuli hukaa mlangoni. Mwanafunzi anayefundishwa kwa picha hii huchora kipokezi cha projesteroni juu ya utando wa seli, na mwandishi wa makala hii ameona michoro ya namna hiyo mara nyingi. Insulini ndiyo hupokewa mlangoni. Projesteroni hupokewa ndani.

Pili, kufuli likishafunguliwa limemaliza kazi yake. Anayeingia ni mwenye ufunguo. Kufuli hubaki likining’inia. Kipokezi ni kinyume cha hayo, maana kazi yake huanza pale ambapo kazi ya kufuli hukoma.

Tatu, kufuli halibadiliki kati ya asubuhi na jioni, wala haliongezeki. Vipokezi hutengenezwa, huvunjwa, huongezeka na hupungua. Mwenye kufikiri kwa kufuli hawezi kueleza kwa nini mwanamke huingia katika uchungu ilhali projesteroni ingali nyingi katika damu yake.

Nne, ufunguo mzuri hufungua kufuli moja. Dawa za binadamu hazina adabu hiyo. Medroksiprojesteroni, iliyomo katika sindano ya miezi mitatu, hushikwa na kipokezi cha projesteroni, lakini pia hushikwa kwa kiasi fulani na kipokezi cha homoni nyingine, ile ya kotisoli. Sifa hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wataalamu wajiulize kama sindano hiyo huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Uchunguzi mkubwa ulioitwa ECHO, uliofanyika Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia kwa wanawake 7,829, na ambao Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulitoa matokeo mwaka 2019: haukuonyesha tofauti kubwa ya hatari baina ya sindano hiyo na njia nyingine mbili zilizolinganishwa nayo. Jibu hilo ni la kutuliza moyo. Hata hivyo, mtu aliyefundishwa kwamba kila ufunguo una kufuli lake hawezi hata kulielewa swali lililoulizwa.

4. Kufunga na kufungwa

Hadi hapa tumeihakiki picha kwa upande wa sayansi. Upande wa lugha una uzito zaidi kwetu, kwa kuwa ndipo picha hii, iliyokuwa na kasoro tu kwa Kijerumani, inapokuwa na madhara kwa Kiswahili.

Kufuli ni neno la asili ya Kiarabu, lakini ufunguo ni neno letu. Limetokana na kitenzi fungua, nacho fungua ni kinyume cha funga kwa kuongezewa kiambishi cha kutendua. Mhudumu wa afya anayesema “ufunguo” tayari amesema “funga”, hata kama hakulitamka neno hilo. Msikilizaji hahitaji kusoma mofolojia ili asikie hivyo.

Na funga, linapokutana na uzazi, si neno jepesi. Tunasema kufunga kizazi kwa maana ya upasuaji wa kukata au kuziba mirija ili mtu asizae tena kabisa. Tunasema pia kwamba fulani amefungwa kizazi, kwa maana kwamba kuna mtu mbaya aliyemfanyia jambo la siri asipate mtoto, na kwamba aliyemfunga ndiye pekee awezaye kumfungua. Maana ya kwanza ni ya hospitali, ya pili ni ya hofu. Zote mbili zinajulikana kutoka Fizi hadi Kigoma na mbali zaidi. Kati ya maana hizo mbili tumekuja kuiweka ya tatu, tukisema kwamba dawa ni ufunguo na mwili ni kufuli. Je, tunashangaa kwamba msikilizaji anauliza nani atabaki na ufunguo? Katika maana ya pili, hilo ndilo swali la lazima.

Yatokeayo baadaye huitia nguvu hofu hiyo. Wanawake wengi wanaotumia sindano hii hedhi yao hupungua, na baada ya miezi kadhaa huweza kukoma kabisa. Mwanamke aliyeambiwa habari za kufuli hufasiri jambo hilo kwa kufuli: damu imefungiwa ndani, inarundikana. Ukweli ni kwamba hakuna damu iliyofungiwa. Dawa huufanya ubongo usiipe ovari amri ya kutoa yai, huufanya ute wa shingo ya mji wa mimba uwe mzito, na huuzuia utando wa ndani wa mji wa mimba usiote kwa unene wake wa kila mwezi. Kisichoota hakina cha kumwaga. Na mwanamke anapoacha sindano, uwezo wake wa kushika mimba hurudi, ingawa yafaa aambiwe mapema kwamba kwa sindano hii aghalabu hukawia miezi kadhaa kuliko kwa njia nyingine. Asipoambiwa, miezi hiyo ya kungoja huwa ushahidi wa kufuli.

Hatudai kwamba picha moja ndiyo inayowafanya wanawake waikubali au waikatae dawa. Mambo ni mengi: mume, dini, umbali wa kituo, vita. Tunachodai ni kidogo zaidi: mwanamke ana haki ya kukataa au kukubali jambo kama lilivyo, wala si kama mfano mbovu ulivyolichora.

Tukumbuke pia mazingira ya lugha ya mahali penyewe. Huko Nundu Kibembe ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya soko, kanisa na kituo cha afya, na Kifaransa ni lugha ya daftari la biolojia. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini muuguzi amesomea kazi yake kwa Kifaransa, naye huitafsiri papo hapo mbele ya benchi. Katika kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika wilaya yetu kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, Kirundi kimeongezeka juu ya hizo. Na watu wetu waliovuka ziwa tangu 1996 na kupokelewa Nyarugusu, mkoani Kigoma, hukutana na istilahi zilizoundwa Dar es Salaam kutoka Kiingereza. Istilahi inayofaa ni ile itakayoeleweka pande zote mbili za ziwa bila mkalimani.

5. Umbo la neno kipokezi

Tulitazame sasa neno lenyewe. Washindani wake ni watatu: risepta, kipokeo na kipokeaji. Mwanaisimu Kiingi wa Uganda alipendekeza kipimo cha istilahi kinachojulikana kwa jina la PEGITOSCA, ambacho wanaistilahi wa Kiswahili wamekitumia sana. Miongoni mwa vigezo vyake ni usahihi, iktisadi, uzalishaji, ukimataifa na uangavu. Risepta hushinda kwa ukimataifa, lakini haina uangavu wowote kwa mama wa kwenye benchi, wala haizai maneno mengine kwa urahisi. Kwetu Kongo ina shida ya ziada: mwanafunzi aliyelizoea neno la Kifaransa récepteur amelisikia kwanza kwa habari ya redio, yaani chombo kinachokaa mahali pake na kunasa sauti.

Kipokeo kina kiishio -o, ambacho pamoja na ki- hutupa majina ya vifaa: kizibo, kifuniko, kichujio. Kifaa hutumiwa na mwingine. Kipokeaji kinaeleweka, ila -aji husisitiza mazoea ya kutenda, kama katika msomaji na mchezaji, na neno lenyewe ni refu zaidi bila faida ya ziada.

Kipokezi kimeundwa kwa njia nyingine. Mzizi wa pokea ulikuwa zamani na l iliyodondoka baina ya irabu. L hiyo hujitokeza tena tunaposema pokelewa. Mbele ya kiishio -i cha mtenda, l hiyo hugeuka z. Ndivyo okoa, okolewa, mwokozi. Na ndivyo nyoa, nyolewa, kinyozi. Mfano huu wa mwisho ndio wenye thamani kwetu. Kinyozi ana ki- ya ngeli ya vitu, na hata hivyo ni mtenda kazi mwenye wembe mkononi. Kiongozi vivyo hivyo. Kwa hiyo umbo la kipokezi halitulazimishi kufikiria shimo linalongoja kujazwa, linatupa mtenda. Tofauti inayobaki ni ya upatanisho wa kisarufi: kinyozi amekuja, lakini kipokezi kimekuja. Sarufi yetu humpa kinyozi uhai na kumnyima kipokezi, bila kukinyima kazi. Ni mizani nzuri sana kwa protini, ambayo hutenda lakini haina nia.

6. Kupokea ni kufanya nini?

Inabaki maana ya kitenzi. Wenye kulilaumu neno kipokezi husema kwamba kupokea ni jambo la ulegevu: anayepokea hunyoosha mkono tu. Lawama hiyo imetokana na kufikiri kwa Kifaransa au Kiingereza, kisha kuvaa Kiswahili juu yake.

Mwanamke anarudi kutoka shambani na mzigo wa mihogo kichwani. Binti akimwona, hukimbia kumpokea. Hapo kumpokea si kumsalimu, wala si kukabidhiwa zawadi. Ni kuuchukua mzigo wake na kwenda nao. Kadhalika mtumbwi unapotia nanga, walioko ufukoni huwapokea wasafiri mizigo na kuipeleka inakohitajika. Katika ngoma, mmoja huanza wimbo na wengine huupokea, maana yake huuendeleza. Shuleni watoto hukimbia mbio za kupokezana vijiti, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba mpokea kijiti amesimama akipumzika. Katika mifano yote hii, kupokea ni kuchukua kilicholetwa na mwingine ili kazi iendelee kwa nguvu ya aliyepokea.

Hiyo ndiyo habari ya kipokezi cha projesteroni, karibu hatua kwa hatua. Homoni huletwa na damu mpaka ndani, kipokezi huichukua ikiwa vilevile ilivyofika, kama Jensen alivyoona kwa estrojeni, huondoka nayo kutoka kwa walezi wake, hufika kwenye DNA, huwaita wenzake, kazi inapokezanwa. Panya wa mwaka 1995 nao wanaeleweka: mzigo ulifika, hakukuwa na mtu ufukoni. Uchungu wa mwanamke unaeleweka vilevile: mzigo ungalipo, lakini wanaoupokea wamebadilika. Hata mifepristoni, dawa iliyoidhinishwa Ufaransa mwaka 1988 na ambayo hukishika kipokezi hiki bila kukiacha kifanye kazi ya projesteroni, inaelezeka bila kufuli: mikono imejaa mzigo mwingine, na projesteroni inapofika hakuna wa kuipokea.

Desturi ya ukarimu nayo hutupa tofauti ambayo kufuli halikuweza kuitoa. Kuna mgeni anayepokelewa mlangoni, akatoa habari yake na kurudi. Habari ndiyo inayoingia ndani. Huyo ni insulini. Na kuna mgeni wa nyumbani, anayeingia mpaka ndani akapokelewa humo. Huyo ni projesteroni na jamii yake. Tunapendekeza, basi, istilahi mbili: kipokezi cha utando na kipokezi cha ndani. Zote ni fupi, na mwanafunzi akizisikia atajua mahali pa kuchora.

7. Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba tumeondoa mfano mmoja na kuleta mwingine, na kwamba mfano wa mzigo nao una upungufu. Ni kweli. Mpokea mzigo hujua anachokifanya. Molekuli hazijui kitu. Mpokea mzigo huutua. Kipokezi na homoni huweza kuachana na kushikana tena mara nyingi. Mwalimu hana budi kuyasema hayo. Tofauti ni kwamba upungufu wa mfano huu hauwatii watu hofu, wala haupotoshi mahali pa tukio.

Yaweza pia kusemwa kwamba mhudumu mwenye wagonjwa arobaini hana nafasi ya kuchambua vitenzi. Hatumtaki achambue. Tunamtaka atumie neno alilonalo tayari kinywani, na aache moja. Kazi ya kuchambua ni yetu, sisi tunaolipwa kwa kazi hiyo, na yafaa tukiri kwamba hatujaifanya. Orodha za istilahi tumezitoa kwa wingi. Maelezo ya namna ya kuyasema mambo hayo kwa mtu aliyeketi kwenye benchi tumeyaacha yajitafute yenyewe.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba istilahi ya kipokezi inafaa kubaki, kwa umbo lake na kwa maana ya kitenzi kilichoizaa. Tumeonyesha kwamba picha ya kufuli na ufunguo, iliyoundwa kwa ajili ya vimeng’enya, haikieleweshi kipokezi cha ndani ya seli, na kwamba katika Kiswahili huingia moja kwa moja katika maneno ya kufunga na kufungwa kizazi. Tunapendekeza iachwe kabisa katika elimu ya uzazi, na kwamba kitenzi funga kibaki kwa upasuaji peke yake. Kwa sindano tuseme kwamba dawa huzuia yai lisitoke kwa muda.

Lingebaki swali la mama yule. Nikikaa tena kwenye benchi lile, jibu langu lingekuwa hili: “Mama, hakuna ufunguo, kwa hiyo hakuna anayebaki nao. Dawa ni kama mzigo unaoletwa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, na mwili wako ndio unaoupokea na kuutumia. Ukiacha kuleta mwingine, ule uliopo utakwisha. Baada ya kwisha, uzazi hurudi, ila huenda ukangoja miezi kadhaa.” Jibu hilo halina neno hata moja ambalo hakulijua kabla hajafika kituoni.